Boti ya kurejea

Mashine iliwaka kwa mvuto mmoja.

Kaka akanigeukia, uso wote umechanua. Mimi nikaubana mkoba kwapani. Ndani yake mlikuwa na milioni tisa na laki mbili, fedha za ndugu wanne za kumnunulia kaka boti ya kuvulia: mmoja yuko Maskati, mmoja Dar es Salaam, kaka mwenyewe, na mimi fundi cherehani wa Chake Chake niliyekabidhiwa kuzitunza. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, mwezi wa saba, mjini Mkoani, Pemba. Bahari shwari. Kisiwa cha Makoongwe kimelala ng'ambo, na kivuli chake majini hakitikisiki.

Boti ilikuwa fiberi ya futi 18, buluu nje na nyeupe ndani, rangi bado inanuka. Mashine Yamaha ya nguvu farasi 40. Tukaenda hadi karibu na Makoongwe, tukazunguka, tukarudi. Dakika kumi na mbili kwa saa ya simu yangu. Sikurowa hata pindo la buibui.

"Umeionaje, bibie?" muuzaji akaniuliza.

Nikasema nzuri, kwa sababu ilikuwa nzuri. Kaka alishanyoosha mkono apokee fedha amhesabie mwenyewe. Nikajisikia nasema, "Tupe wiki moja, inshaallah."

Kaka hakunisemesha mpaka tukafika Chokocho.

## Sikuwa na sababu

Hilo ndilo lililonisumbua. Mtu akikataa kitu huwa na sababu, na mimi sikuwa nayo. Usiku nikilala naiona boti ile, nairudia kipande kwa kipande kama nguo niliyoikosea kushona na sijui mshono uko wapi. Mashine inawaka. Mwili hauna ufa. Bei si mbaya. Kaka amevua kwa chombo cha watu tangu ana miaka kumi na sita, akigawiwa fungu dogo kila siku, na sasa ana watoto watano. Nani mimi nimzuie?

Nikaanza kuandika katika daftari la vipimo vya wateja. Ukurasa mmoja "kanzu, kifua 44", ukurasa wa pili "boti, kwa nini?"

Wiki ikawa mbili. Muuzaji akapiga simu mara nne.

## "Ile hupotea nyuma"

Ijumaa moja nikavuka kwenda Kisiwa Panza kumwangalia mama. Nilimkuta barazani anachambua mchele. Nikamsimulia kila kitu, rangi, mashine, mvuto mmoja. Nikataraji aseme mpeni ndugu yenu boti yake.

"Ya buluu?" akauliza. "Fupi, kifua kimechongoka?"

"Ndiyo."

"Ile naijua. Mwaka juzi ikivua huku kwetu. Ile hupotea nyuma."

Nikamuuliza kupotea nyuma ndiko vipi. Akaweka ungo chini.

"Mimi kwenda kwao sikujui, mwanangu. Huondoka niko kwenye msala. Kurejea kwao ndiko n'nakokujua."

Nimekulia pale, na bado sikuwahi kulifikiri jambo hili. Wanaume huondoka alfajiri, upepo umelala, bahari imepoa. Hakuna anayesimama pwani kuwaangalia. Lakini baada ya alasiri, kusi imeshakaza, utawakuta akina mama chini ya mkungu, mmoja na mtoto kiunoni, mwingine na ndoo, wanajifanya wanazungumza mengine. Macho yote yako kusini. Vyombo vinakuja na upepo mgongoni, na mawimbi yanatoka nyuma yao, yanakimbilia kule kule wanakokimbilia wao.

Kwa mbali unaona hivi: wimbi linaiinua tezi, yaani nyuma ya chombo, na omo, mbele yake, inainama. Wimbi linapita chini ya chombo, omo inapanda juu, na tezi inazama katika bonde lililoachwa nyuma. Chombo chenye tezi ndefu, unampoteza mshika usukani mpaka kiunoni, halafu anarudi. Chombo cha tezi fupi, anapotea mpaka kichwa. Mama huvuta tasbihi mpaka kichwa kionekane tena. Boti ya buluu, alisema, ilimla punje nyingi.

Basi sababu yangu ikawa imepatikana, nayo ilikuwa rahisi kiasi cha kunitia uchungu. Sisi tuliijaribu boti kwenda. Tuliijaribu asubuhi, tupu, nyuma ya kisiwa kinachokinga upepo. Kaka hatakufa asubuhi.

Niwie radhi kuandika neno hilo waziwazi. Lakini mimi ni Mpemba, na nadhani kila Mpemba anayesoma hapa anajua alikuwa wapi usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilipozama, nani alimpigia simu, na simu ya nani haikupokelewa tena. Ile ilikuwa meli kubwa. Vyombo vidogo havitangazwi redioni.

## Futi ya kushonea

Jumatatu nikarudi Mkoani peke yangu, na futi yangu ya kushonea.

Tezi ya boti ya mashine hukatwa katikati, likawa pengo, ili mashine ikae chini na rafadha, yaani pangaboi lake, ifike majini. Kina cha pengo kinafuata urefu wa shafti. Mashine za shafti fupi hutaka tezi ya inchi 15, yaani sentimita 38, kutoka chini ya boti hadi pale mashine inapong'ata. Shafti ndefu hutaka inchi 20, sentimita 51. Tofauti ni inchi tano tu. Kwenye kanzu inchi tano ni pindo. Kwenye tezi ni ukuta uliopo au usiokuwepo baina ya mtu na bahari.

Ya buluu ilikatwa kwa shafti fupi.

Nikapima kutoka majini hadi ukingo wa pengo, boti ikiwa tupu imefungwa kamba: sentimita 24, kama shubiri yangu na vidole viwili. Na hapo hapana mtu ndani, hapana nyavu, hapana barafu, hapana samaki, hapana dumu la petroli. Mashine ya 40 yenyewe ina uzito unaokaribia mara mbili ya mashine ya 15, na uzito wote huo unaning'inia pale pale penye pengo.

Muuzaji alikuwa muungwana, sitaki nimseme vibaya. Nikamwambia, "Kaka yangu, tunataka tuijaribu tena. Saa kumi jioni. Na mzigo." Akafikiri, akakubali.

## Viroba vinane

Tulijaza mchanga viroba vinane vya kilo hamsini, badala ya samaki na barafu ya siku njema. Tukaingia watu watano: kaka, muuzaji, mpwa wangu wa miaka kumi na saba, baharia mmoja, na mimi. Wote tumevaa jaketi okozi. Hilo nililisimamia na sikuomba radhi.

Nilikaa nyuma, futi mkononi. Sentimita 24 zilikuwa zimebaki tisa. Vidole vitano.

Tukapita Makoongwe, tukashika kusini mpaka kisiwa kikaacha kutukinga. Haikuwa siku mbaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa haikuwa imetoa tahadhari yoyote. Wanapotangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, watu wa kwetu hawatoki, na wanaotoka wanajulikana. Hii ilikuwa kusi ya kila siku, ile ambayo mvuvi hawezi kuikwepa kwa sababu inavuma miezi mitano na watoto wanataka kula. Lakini maji yalikuwa ya bamvua na yalikuwa yanatoka. Maji yanayotoka yakikutana na upepo unaoingia, mawimbi hukaribiana na kusimama wima, kama watu wanaosukumana mlangoni.

Kwenda, boti iligonga. Tumbo lake bapa, kila wimbi likawa kofi. Meno yalitikisika lakini maji hayakuingia, na kaka akaniangalia kama kunambia: unaona?

Tukageuza.

Mawimbi mawili ya kwanza yalitubeba vizuri. La tatu lilituinua nyuma, omo ikachimba mgongoni mwa wimbi lililotangulia, na boti ikaanza kujizungusha ubavu. Kile kifua kilichochongoka ambacho kwenda kilikata maji, sasa kilikuwa kinajishindilia. Kaka akaunyoosha usukani, akapunguza mashine ili boti itulie. Mtu yeyote angefanya vile. Lakini boti ikipunguza, wimbi la nyuma halipunguzi, na hata mkia wa maji uliokuwa unakufuata nao unakupata. Nikaona maji yamefika ukingo wa pengo. Hayakurusha povu wala hayakupiga kelele. Yalikaa pale kidogo, laini, ya kijani, halafu yakaingia kama mtu wa nyumba.

Yakafika mpaka kwenye vigimbi vya miguu. Mashine ikakohoa. Mpwa wangu alikwisha shika dumu lililokatwa, anafua maji, hatazami kitu. Boti yenye maji tumboni huwa nzito, nzito hukaa chini zaidi, na wimbi linalofuata halihitaji hata kupanda.

Kaka aliongeza moto badala ya kupunguza zaidi. Ndicho kilichotutoa. Tukakaa nyuma ya wimbi moja, tukalifuata kwa kasi yake mpaka Makoongwe ikatufunika.

Hakuna aliyezungumza. Mchanga ulikuwa umerowa wote.

## Kiliwacho na chumvi

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Muuzaji akapunguza laki nane.

Nasema kweli, nilitikisika. Laki nane ni madrasa na skuli za watoto watano kwa muda mrefu. Kaka akasema tezi inaweza kuongezwa, fundi wa fiberi akaipandisha inchi tano, tukanunua shafti ndefu. Likawa wazo zuri kwa siku mbili.

Tukamwita fundi aiangalie. Alikuja na sarafu ya shilingi mia mbili na kipande cha sumaku alichokitoa kwenye spika mbovu, basi. Akaanza kuigonga tezi kwa ukingo wa sarafu. Pembeni ililia ko, ko, ko. Alipokaribia boliti za mashine sauti ikabadilika, ikawa kama kugonga embe bovu. Ndani ya tezi ya fiberi aghlabu mna mbao za plaiwudi, akatueleza, na mbao zile zikitobolewa kwa boliti bila kuzibwa vizuri, hunywa maji kidogo kidogo kwa miaka. Nje rangi mpya, ndani uji. Akaiinua mashine nusu, akaibonyeza. Tezi ikainama, kidogo mno, kama jino linalotaka kung'oka.

Sumaku ikanasa boliti tatu katika nne. Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha. Chini ya kila moja palikuwa na mstari mwembamba wa kutu.

Kisha akatuonesha kitu ambacho tangu siku hiyo sipiti mashine bila kukitafuta. Karibu na rafadha kuna kipande cha zinki. Kazi yake ni kuliwa. Madini mawili tofauti yakikaa pamoja katika maji ya chumvi, moja huliwa, na zinki imewekwa pale ili iliwe yenyewe na mwili wa mashine usalimike. Ile ya boti ya buluu ilikuwa kamili, haijapungua hata ukucha. Nikadhani ni dalili njema. Fundi akaikwaruza kwa ncha ya kisu: ilikuwa imepakwa rangi. Zinki iliyopakwa rangi hailiwi, na ikiwa yenyewe hailiwi, kinaliwa kingine.

Mwisho akafungua kiti cha kati. Chini yake mlikuwa na povu gumu la kuifanya boti ielee hata ikijaa maji. Akalibonyeza kwa dole gumba. Likatoa maji.

Hapa nataka nisimame kidogo, maana watu wengi wa umri wangu hatulifikirii. Baba alivua kwa dau la mbao. Dau likipinduka hukaa juu ya maji, limezama nusu, na watu hulishika hata usiku kucha. Fiberi yenyewe ni nzito kuliko maji. Ikijaa, na nyuma ina mashine, bila povu kavu na vyumba vilivyozibwa inakwenda chini tezi kwanza na haibakishi cha kushika. Tumehama kutoka mbao kwenda fiberi kwa sababu nzuri, haihitaji kalafati, haiogopi fukusi, lakini kitu kimoja ambacho mbao ilitupa bure sasa lazima tukiulizie kila tunaponunua.

## Hoja ya kaka, ambayo bado sijaijibu

Boti ya buluu tukaiacha. Muuzaji hakukasirika. Alimwita fundi pembeni wakazungumza kwa muda.

Lakini kaka ana hoja, na sitendi haki nikiificha. Anasema: "Wewe unaogopa kurejea kubaya. Mimi nataka nirejee mapema." Mashine ya 40 ingemfikisha pwani kabla kusi haijakaza. Kwa mashine ya 15 na mzigo, ni lazima aikute alasiri njiani kila siku ya Mungu. Kasi nayo ni usalama, na anayebisha hajawahi kulikimbia wingu.

Nimeligeuza neno hilo sana. Ya 40 ukiikaza inakunywa lita 15 na zaidi kwa saa, na hizi za stroki mbili zinataka na oili ndani yake. Ya 15 inakunywa kama nusu ya hapo. Nikamwambia kaka, ukishatia petroli ya lita zote hizo hutarejea mapema, utakaa mpaka samaki walipe petroli. Alinyamaza. Sijui kama ni kwa kukubali.

Na kasi yenyewe hutaka bahari ikuruhusu. Jioni ile nje ya Makoongwe nguvu farasi 40 zilikuwepo zote, na tulikwenda kwa mwendo wa wimbi.

Hata hivyo siku atakayoona wingu jeusi la masika likija kutoka baharini, na mashine ya 15 inajivuta, najua atanikumbuka mimi na daftari langu.

## Futi 24

Tuliyoipata iko mbali na ndoto ya kaka. Ni fiberi ya futi 24, nyembamba, rangi ya kijivu iliyopauka, imetumika. Tuliipata upande wa Wete. Urefu unaisaidia: inalaza mwili juu ya mawimbi mawili badala ya kutumbukia katikati yao, na wembamba wake unairuhusu mashine ndogo kuisukuma. Kifua chake hakikuchongoka. Kimejaa na kimepanda, kwa hiyo kikifika mgongoni mwa wimbi kinaelea badala ya kuchimba. Tumbo lina V ya wastani mbele, nyuma linalala. Kwenda, inarusha maji na kumrowesha kila mtu. Kaka hulalamika, nami namwacha alalamike.

Tezi ni ya shafti ndefu. Mbele ya mashine kuna ukuta wa pili, kimo cha goti, ukafanya kisanduku kilichozibwa chenye matundu ya kutolea maji. Wimbi likiingia kwenye pengo linaangukia kisandukuni na kutoka lilikoingilia. Fundi aligonga kwa sarafu kila mahali, ko, ko, ko, mpaka nikachoka kusikiliza. Povu kavu. Boliti mbili sumaku ilizinasa, tukazibadilisha na kuziba matundu kabla hatujaingia maji. Mashine ni ya 15, na kila jioni mpwa wangu huizamisha kwenye pipa la maji matamu na kuiwasha dakika chache, chumvi itoke.

Tuliijaribu jioni, na viroba vinane, maji yakitoka. Mtu asiniulize ilikuwaje asubuhi, maana asubuhi hatukuipanda.

Ilikuwa imebaki miezi michache ya kusi kuipa mtihani wake, na sasa kaskazi inakaribia na bahari yake ya namna nyingine. Mama anasema haipotei nyuma, au ikipotea ni mpaka kiunoni. Asubuhi za shwari boti za mashine kubwa zinampita kaka na kumwachia mkia wa povu, na akija nyumbani huniambia, "Leo tena wametupita." Nasikia anavyolisema, na linaniuma.

Ikiwa na mzigo, kutoka majini hadi ukingo wa tezi ni sentimita 31. Nimeandika kwenye daftari, chini ya kanzu ya mtu.

Juzi kanipigia simu. Anataka kuweka sanduku kubwa la barafu nyuma, karibu na mashine. Nimemwambia aliweke katikati, alijaze, kisha apime.